Mawe ya Mbegu

Bwenini wenzangu wakiniuliza mama yako anafanya kazi gani, huwa nasema mkulima. Siku hizi si uongo tena. Lakini mwaka jana ulikuwa uongo, maana mama alikuwa mchagua mawe, na alikuwa mchagua mawe hodari kuliko wote.

Nayaandika haya kwenye daftari kwa sababu kwa mdomo siwezi. Mimi ni mtu wa aibu. Mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua, nasimama, nashika ukingo wa dawati, natazama ubao, na sauti haitoki mpaka darasa lianze kucheka. Hata rafiki niliye naye ni mmoja, na yeye ndiye anayeongea.

Mgodi wenyewe ni mdogo, uko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka kijijini kwetu Kate, Ufipa. Zamani palikuwa pori la kuchungia. Halafu serikali ikaruhusu watu binafsi, kama ilivyoruhusu mabasi na maduka na mitumba, na kampuni moja ikaja, ikapima, ikaweka senyenge, ikaanza kuchimba shaba. Mwalimu wetu wa Uraia anaiita hali hiyo soko huria na anapenda sana kulitamka neno hilo. Kwetu watu walisema tu kwamba kazi imefika.

Kazi ya wanawake ilikuwa mezani. Karasha ilivunja miamba ikawa vipande vya ukubwa wa ngumi, vijana wakavileta kwa toroli na kuvimwaga juu ya meza ndefu ya mbao iliyopigwa bati. Wanawake kumi na wanane, tisa huku, tisa huku. Jiwe lenye kijani ni la shaba, linaingia kwenye ndoo iliyo mbele yako. Jiwe tupu unalisukumia nyuma linaenda kwenye kifusi. Rahisi, mtu anaweza kusema. Ila mawe mengi hayako hivyo. Mengi ni ya kahawia kwa nje, na kijani kimepita ndani kama uzi, au kimejificha kwenye ufa, au ni vumbi tu limepakaa na ndani hamna kitu. Hapo ndipo wanawake walipobishana, na wakibishana jiwe lilipitishwa mkono kwa mkono mpaka kwa mama. Mama alitia mate kidoleni, akasugua, akaligeuza kwenye mwanga, akalipima uzito kiganjani, akalitupa upande mmoja. Na hakuna aliyeuliza tena.

Mtu asiyemjua mama nyumbani hawezi kuelewa jambo hilo lilikuwa na ukubwa gani. Nyumbani baba ndiye anayesema nini kipandwe wapi, na bibi ndiye anayesema nini kipikwe, na mama anasema ndiyo. Nadhani ukimya wangu nimeurithi kwake. Lakini pale mezani mama alikuwa mtu mwingine. Alicheka kwa sauti. Alisimulia vitu. Likizo ya kwanza niliyoenda kumsaidia nilimsikia akimwambia msimamizi, mwanamume mzima mwenye kofia ya plastiki, "Wewe baba toka hapo, unanizibia mwanga," na yule msimamizi akatoka. Nilishtuka mpaka nikaangusha jiwe mguuni.

Baba hakuipenda kazi ile. "Kuokota mawe ni kazi ya watoto," alisema wakati wa kula, si kwa ukali, alisema tu. "Siku kazi hiyo ikiisha utarudi shambani, tutalima vizuri." Mama alikuwa anaongeza mboga kwenye sahani ya baba. Mimi nilijua jibu lake. Hakutaka iishe.

Likizo ya Juni nilirudi nikakuta habari ya mashine. Juni kwetu ni baridi ya upepo, wanawake mezani wanajifunga kanga mbili mbili kichwani na vidole vinapasuka. Msimamizi alikuwa amewatangazia kwamba inakuja mashine ya kuchagua mawe, ina jicho, haichoki, na haihitaji kunywa chai. Karibu na mama alikaa mama mmoja wa Kisukuma, ambaye ukoo wao ulihamia na ng'ombe kule bondeni Rukwa, na yeye akapanda huku juu na mumewe. Huyu ndiye aliyekuwa shoga wa mama, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Ina jicho?" alimwuliza msimamizi. "Na mkono je?"

"Haina mkono, mama. Inapuliza."

"Inapuliza jiwe! Haya. Nami nitakaa hapa nipulize, muone."

Meza nzima ikacheka. Lakini alipoondoka msimamizi hakuna aliyecheka, na mama aligeuza jiwe moja mara nyingi kuliko lilivyohitaji.

Mashine ikaja ndani ya kontena, na jenereta yake, na fundi wake. Fundi alikuwa kijana wa Dar es Salaam, mwembamba, amevaa jaketi ambalo halikumsaidia kitu kwa baridi ile. Aliwaamkia wanawake wote shikamoo, mmoja mmoja. Mimi akaniambia, "Mambo?" Jibu ni poa, kila mtu anajua. Nilitazama viatu vyangu. Yule mama wa Kisukuma akanisemea, "Huyu usimsumbue baba, huyu hata radi ikimwamkia haitikii."

Kwa siku mbili alifunga vyuma. Siku ya tatu alituita wote akatueleza, na aliongea vizuri, bila maringo. Mawe yaoshwe kwanza, yapite kwenye mkanda. Mwisho wa mkanda yanaanguka, na yakiwa hewani kamera inayaona. Kamera inapeleka picha kwenye kompyuta. Kompyuta ikiona jiwe ni la shaba, kijitundu cha upepo kinapuliza, puf, jiwe linaruka ukuta mdogo linaingia kwenye kasha. Isipoona kitu, haipulizi, jiwe linaanguka moja kwa moja kwenye kifusi.

"Sasa," alisema, "hii mashine haijui shaba ni nini. Ni kama mtoto. Inajua rangi tu, na hata rangi lazima ionyeshwe. Nahitaji mtu anayejua mawe kuliko wote anichagulie ndoo moja ya mawe mazuri na ndoo moja ya mabaya. Mashine itaanzia hapo. Yote mtakayoyaona baadaye yatatokana na hizo ndoo mbili."

Hakuna aliyemtaja mama. Waligeuka tu wakamtazama.

Nikisema ukweli, nilijivuna. Nilisimama nyuma yake nikajivuna, na sikufikiria kabisa kwamba alikuwa anaombwa aifundishe kazi yake mashine ya kumtoa kazini. Mama wa Kisukuma ndiye aliyefikiria. Mchana tulipokaa kula viazi alimsogelea mama.

"Wachanganyie," alimwambia kwa sauti ya chini. "Jaza ndoo ya mazuri mawe ya njiani. Nani atajua? Mashine irudi Dar na huyu kijana wake mwenye baridi."

"Nimpe mgeni takataka?" mama aliuliza.

"Mgeni gani! Amekuja kukufukuza."

"Kanisalimia vizuri."

"Nyie Wafipa mna heshima mpaka mtazikwa nayo."

Mama alicheka, lakini nilimwona ameumia. Si kwa sababu ya Wafipa, hilo ni utani wao wa kila siku. Aliumia kuambiwa kwamba angeweza kuchagua vibaya kwa makusudi. Sidhani kama mikono yake ingekubali.

Basi akachagua. Ndoo ya mazuri ilimchukua siku mbili, na mimi nilikuwa kando yake nikiosha mawe. Nilianza kuona kitu. Jiwe lenye uzi mzuri wa kijani, ambalo siku zote lingekwenda kwenye ndoo yake bila mjadala, mama alilitazama akaliweka pembeni. Jingine, lenye kijani nusu, pembeni. Alikuwa anataka lile ambalo ni kijani mzingo mzima, zito, lisilo na ufa wala doa. Mawe kama hayo yalitoka machache kwa siku. Alikataa na kukataa.

Jioni tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kwa Kifipa, maana kwa Kifipa na mama peke yake naweza kuongea. Nilimuuliza mbona yale mengine anayaacha, si yana shaba?

"Yana shaba," alisema. "Yale ni ya kula. Haya ninayachagulia mbegu."

Nilimwelewa papo hapo, mtu yeyote wa kwetu angemwelewa. Wiki hiyohiyo mahindi yetu yalikuwa yanavunwa, na kila siku kabla ya kupika mama alipitia rundo akitafuta ya mbegu. Anachukua hindi lililojaa mpaka nchani, mistari imenyooka, hakuna punje iliyotobolewa, analifunga kwa maganda yake analitundika juu ya moshi. Mengine yote, hata mazuri, yanaingia ghalani kuliwa. Huchanganyi. Ukipanda la kula, mwakani unavuna aibu yako mbele ya majirani. Na fundi si alikuwa amesema mwenyewe: yote ya baadaye yatatokana na haya? Mwanamke wa Ufipa akiambiwa hivyo atachagua nini?

Tena aliongeza, "Kijana wa watu anatoka mbali. Asije akasema alipewa ya kula."

Sikuona tatizo.

Siku ya majaribio alikuja mkubwa wa kampuni na gari lake, na wageni wawili. Wanawake waliambiwa waache kazi waje watazame. Jenereta ikaunguruma, mkanda ukaanza kwenda, mawe yakamwagwa. Tukasubiri upepo.

Hakuna kitu. Mawe yalianguka kwenye kifusi kama mvua ya mawe juu ya bati. Halafu, puf, jiwe moja la kijani kabisa likaruka likaingia kwenye kasha, likalia kama kengele peke yake mle ndani. Kisha kimya kirefu. Kisha puf.

Mama wa Kisukuma akawa wa kwanza. "Imeshiba!" alisema. "Jicho lipo ila lina usingizi!" Wanawake wakaangua kicheko, mwingine akapiga kigelegele, msimamizi akawatolea macho na wao wakazidi. Fundi alikimbia kwenye kompyuta, akarudi kwenye kamera, akaifuta kwa shati, akasimamisha, akawasha tena. Puf. Moja.

Mama hakucheka. Alikuwa ameinama kwenye kifusi. Mashine ilikuwa inatupa mawe yenye kijani, mawe ambayo yeye asingeyatupa hata akiwa na homa, na alikuwa anayaokota anayaweka kwenye kanga. "Hili ni zuri," alikuwa anasema peke yake. "Na hili. Jamani, na hili."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mashine haikuwa imeharibika. Ilikuwa inafanya ilichoonyeshwa: inachagua mbegu. Na ya kula, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba nayo ni shaba, inayamwaga.

Mkubwa wa kampuni alimwita fundi pembeni, karibu na mahali nilipokuwa nimekaa na ndoo yangu. Aliongea Kiingereza, na kwa mara ya kwanza maishani nilielewa Kiingereza cha mtu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Alisema kama kesho mchana haijafanya kazi ifungwe kwenye kontena irudi ilikotoka, na yeye fundi arudi nayo akawaeleze waliomtuma.

Kwa hiyo nilijua vitu viwili ambavyo hakuna mwingine pale aliyevijua vyote. Nilijua mashine ina kasoro gani, na nilijua itaondoka kesho mchana. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, na kukaa kimya ndicho kitu pekee ninachokiweza.

Asubuhi tuliwahi. Umande ulikuwa umeganda juu ya meza. Mama alienda kuwasha moto wa chai na wenzake, nami nikaenda kwenye pipa kuchota maji ya kuoshea. Fundi alikuwa pale, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono ameficha kwapani. Ile ndoo ya mama ya mawe mazuri alikuwa ameimwaga chini mbele yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Hivi dada," aliniambia, na hakuniambia mambo, "mama aliyachagua vipi haya?"

Nimejiuliza sana kwa nini nilijibu. Ningeweza kutazama viatu. Labda ni kwa sababu hakukuwa na mtu wa kucheka. Labda nilimwonea huruma, alikuwa anatetemeka. Lakini nikiwa mkweli nadhani ni kwa sababu aliniuliza kitu ninachokijua, alinitazama akingoja, na hakuonekana kuwa na haraka. Sijawahi kungojewa hivyo. Sauti ikatoka.

"Ni ya mbegu," nilisema.

"Ya nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza mahindi, moshi, ghala. Nilimweleza kwamba mama hakukosea, alichagua yaliyo bora kupita yote kwa sababu yeye fundi alisema yote yatatokana na hayo. Nikamwambia na ya kula yapo, ndiyo mengi, ndiyo wanayoyachagua mezani kila siku, ila hayakuwekwa. Niliongea sentensi labda kumi, sijawahi kuongea kumi mfululizo kwa mtu nisiyemjua. Nilijisikia vizuri. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli: nilijisikia vizuri sana.

Fundi alinikodolea macho. Halafu akapiga kofi paja lake, akacheka mpaka akakohoa, akanyanyuka akakimbia kuelekea kwa wanawake, na mimi nikabaki na kopo la maji mkononi. Hapo ndipo nilipomkumbuka mama na meza yake. Nilitaka kumwita. Sikujua hata nimwite nani.

Nilipofika motoni alikuwa tayari amechuchumaa mbele ya mama. "Mama, nisaidie mara moja tena. Nataka na yale ya kawaida. Yale ya kula."

Mama akaweka kikombe chini. Uso wake ukafunguka, kumbe tangu jana alikuwa amebeba lawama. "Kumbe mlitaka na ya kula!" alisema. "Si mngesema mapema, baba? Hayo yapo tele." Akainuka akaenda, na ndoo ile hata nusu saa haikumchukua. Mikono ilikuwa inaruka. Alikuwa na furaha. Nilimtazama akiwa na furaha na sikuweza kwenda kumshika mkono.

Kabla ya mchana mkanda uliwashwa. Puf, puf, puf-puf-puf. Mawe yaliruka ukuta kama panzi. Yenye uzi, yenye nusu, hata yale ya kubishaniwa. Kila mashine ilipokosea, fundi aligusa kitu kwenye kompyuta, akamwonyesha mama jiwe, mama akatikisa kichwa ndiyo au hapana, na mashine haikukosea tena pale. Wanawake walisimama wamekunja mikono ndani ya kanga. Hakuna aliyesema imeshiba.

"Nani kamwambia?" mama wa Kisukuma aliuliza, akituangalia wote. "Jana alikuwa hajui kitu. Nani kamwambia habari za kula na mbegu?"

Fundi, kutoka kule kwenye kontena, akainua kidole gumba kuelekea kwangu, akatabasamu. Mama wa Kisukuma akageuka akanitazama. Kisha akapunga mkono kama anafukuza nzi.

"Si huyu," alisema. "Huyu hata mambo haitikii."

Hawakufukuzwa siku hiyo. Walifukuzwa wiki iliyofuata, kwa adabu. Msimamizi aliwaita mezani, akasema watabaki watano wa kuosha mawe na kuondoa vijiti kwenye mkanda, akawataja waliokuwa vijana kuliko wengine. Waliobaki walipewa kanga na mche wa sabuni kila mmoja. Alimshika mama mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, wewe ndiye mwalimu wa mashine yetu," alisema, na watu wakapiga makofi. Mama alisema asante. Mama wa Kisukuma aliikunja kanga yake, akamkumbatia mama kwa muda mrefu, na akateremka bondeni na mumewe. Sijui kama wataonana tena.

Nyumbani baba alifurahi, hakuficha. Aliongeza eneo la kulima upande wa mtoni. Mama alisema ndiyo. Nilikaa naye wiki mbili zilizobaki za likizo, na kila siku nilijiambia leo nitamwambia, tukiwa shambani, tukiwa kisimani. Kwa Kifipa, peke yetu. Hata mara moja sikuweza. Siku moja nilimkuta amekaa nyuma ya nyumba, ameshika jiwe la kawaida tu, la njiani, analigeuza kwenye mwanga. Aliponiona akalitupa.

Siku ya kurudi shule alinisindikiza mpaka barabarani kungoja basi la Sumbawanga. Palikuwa na wasafiri wengine, na mwanamke mmoja alikuwa anamuuliza mama kama ni kweli alifundisha mashine. Mama alisema ni kweli. Kisha akanigeukia.

"Wewe unayesoma," aliniambia, "hebu niambie. Ile mashine ilikuwa imeshindwa. Wangeifunga, msimamizi aliniambia mwenyewe baadaye, wangeifunga mchana ule. Sasa asubuhi ilishtukia vipi?"

Hakuwa ananishuku. Alikuwa anauliza kwa kutaka kujua, kama mtu anayependa kazi anavyouliza kazi imefanyikaje.

"Sijui, mama," nilisema.

Basi lilikuwa limeonekana na vumbi lake. Mama aliniwekea begi mgongoni, akanifunga kifungo cha sweta shingoni kama mtoto mdogo.

"Basi muulize mwalimu wako," alisema. "Utaniambia ukirudi."

Nikamwambia nitamuuliza.